Dawa za Elfu Moja: Hatari za Kujitibu Bila Vipimo

Jioni, watu wanaporudi kutoka kazini, duka la dawa lililo jirani na kituo cha daladala huwa na wateja wengi kuliko zahanati ya mtaa huo. Mteja mmoja huomba kapsuli nne za rangi mbili kwa ajili ya kifua. Mwingine hueleza kwamba ana UTI na anataka ile dawa aliyopewa mara ya mwisho. Wa tatu ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa, huweka noti juu ya kaunta na kusema, "Nipe za elfu moja." Katika maombi yote matatu hapana kipimo, hapana cheti cha daktari, na katika ombi la tatu hata jina la dawa halikutajwa. Kilichotajwa ni kiasi cha fedha kilichopo mkononi.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam, na wa miji mingine ya Tanzania, hawaoni ajabu yoyote katika tabia hii. Ndiyo njia ya kwanza ya tiba wanayoifahamu, na wengi huenda hospitali pale tu njia hiyo inaposhindwa. Makala hii inaeleza kujitibu ni nini, kwa nini watu hujitibu, ni madhara gani humpata mgonjwa na jamii yake, na ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa na mgonjwa pamoja na mhudumu wa afya.

Kujitibu ni nini?

Kujitibu ni kitendo cha mtu kuchagua na kutumia dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, au kwa ushauri wa ndugu, jirani au rafiki, ili kuondoa dalili ambazo yeye mwenyewe amezitambua. Kitendo hiki huchukua sura nyingi: kununua dawa ya cheti bila cheti, kutumia tena cheti cha zamani, kumeza dawa zilizobaki nyumbani, kugawana dawa na mtu mwenye dalili zinazofanana, na kuendelea na dawa kwa muda mrefu kuliko ilivyoagizwa.

Si kila kujitibu ni kosa. Mtu mzima mwenye maumivu ya kichwa anayemeza parasetamoli kwa kipimo sahihi hana sababu ya kupanga foleni hospitalini. Mzazi anayemwanzishia mtoto mwenye kuharisha maji yenye chumvichumvi, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki, hufanya jambo linalookoa maisha. Dawa za namna hiyo zimeruhusiwa kuuzwa bila cheti kwa sababu dalili zake hutambulika kwa urahisi, na madhara yake ni machache zikitumiwa ipasavyo. Tatizo huanza pale antibiotiki, dawa kali za maumivu, dawa za jamii ya steroidi na dawa za malaria zinapochukuliwa kana kwamba nazo ni za kundi hilo.

Kwa nini watu hujitibu?

Ni rahisi kuwalaumu wagonjwa, lakini lawama haielezi chochote. Duka la dawa lipo mtaani, hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, na muuzaji wake hamwulizi mteja alikuwa wapi siku tatu zilizopita. Kwa fundi, mama lishe au dereva wa bodaboda, kwenda kituo cha afya kuna gharama zaidi ya ile ya daktari: nauli, foleni na kipato cha siku nzima kinachopotea. Sera ya afya nchini inawasamehe malipo wajawazito na watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Hata hivyo, mzazi aliyesubiri tangu asubuhi na mwishoni akaambiwa akanunue dawa nje kwa sababu zimekwisha, mara nyingine huanzia huko huko nje.

Sababu nyingine ni uzoefu. Mtu aliyewahi kupewa antibiotiki kwa mafua akapona huamini kwamba antibiotiki ndiyo iliyomponya. Kumbe mafua husababishwa na virusi na huisha yenyewe baada ya siku chache, dawa imezwe au isimezwe. Imani hiyo hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti na kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao: kila antibiotiki inayoandikwa kwa kikohozi kisichoihitaji humfundisha mgonjwa nini cha kununua safari ijayo.

Homa si ugonjwa mmoja

Kosa lililo kubwa kuliko yote katika kujitibu ni kuichukulia homa kuwa ugonjwa, wakati ni dalili tu ya magonjwa mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa kina ili kujua chanzo cha homa yake. Takriban asilimia 70 walikuwa na maambukizi ya virusi, asilimia 22 maambukizi ya bakteria, na asilimia 11 hivi vimelea vingine, hasa vya malaria. Wapo waliokuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati uleule.

Maana ya takwimu hizo kwa mama mwenye noti ya elfu moja ni nzito. Akipewa antibiotiki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto wake haihitaji kabisa. Akipewa dawa ya mseto ya malaria, uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Na ikiwa mtoto ni miongoni mwa wale wachache wenye maambukizi makali ya bakteria, dozi pungufu haitamponya, itamchelewesha tu. Hapana jicho, hata la daktari bingwa, linaloweza kuwatenganisha watoto hao kwa kuwatazama wakiwa migongoni mwa mama zao dukani.

Dawa inayoficha ugonjwa

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu anayeanza homa usiku wa Jumapili. Jumatatu anapewa vidonge vya mseto vilivyobaki kwa kaka yake. Jumanne, homa ikiwa haijashuka, ananunuliwa amoksilini ya maji na kupewa kijiko asubuhi na jioni. Homa inapungua kidogo na familia inapata matumaini. Alhamisi anapata degedege na kukimbizwa hospitali, shingo ikiwa imekakamaa.

Hapo daktari hukutana na kazi ngumu kuliko ambayo angekutana nayo Jumatatu. Anahofia homa ya uti wa mgongo, lakini antibiotiki iliyokwisha kunywewa inaweza kuwa imewadhoofisha bakteria kiasi kwamba hawaoti maabara. Majibu yanarudi yakiwa safi ilhali mtoto anaumwa sana. Kipimo cha haraka cha malaria nacho kinaweza kupotosha, kwa sababu aina inayotumika zaidi nchini huendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Daktari analazimika kutibu kwa kukisia, kwa dawa pana na za gharama zaidi, huku saa zikizidi kwenda. Mtoto anayepona ugonjwa huo baada ya kuchelewa anaweza kubaki na uziwi au ulemavu wa ubongo.

Magonjwa mengine hufichwa kwa namna hiyo hiyo. Kikohozi kinachodumu kwa wiki mbili au zaidi ni dalili ya kupimwa kifua kikuu, na vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo. Mgonjwa anayetibu kikohozi hicho kwa antibiotiki za dukani, moja baada ya nyingine, anaweza kupata nafuu ya muda, hasa akitumia dawa za jamii ya siprofloksasini, huku akiendelea kuwaambukiza anaolala nao chumba kimoja. Maumivu ya tumbo yanayotulizwa kwa diklofenaki kila siku yanaweza kuwa ya kidole tumbo kinachoelekea kupasuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaojitibu wengi hawakusudii kuficha, lakini dawa huwafichia.

UTI isiyopimwa

Pengine hapana utambuzi unaotolewa mitaani mara nyingi kuliko UTI, yaani maambukizi katika njia ya mkojo. Maumivu ya kiuno, uchovu, joto la mwili, muwasho ukeni, kukojoa mara kwa mara: yote hupewa jina hilo moja. Ukweli ni kwamba muwasho wenye uchafu mweupe mzito mara nyingi huwa ni fangasi, na antibiotiki huweza kuuzidisha kwa kuwaua bakteria wema wanaoulinda uke. Kukojoa mara kwa mara pamoja na kiu kali kunaweza kuwa kisukari. Mwanamume mwenye maumivu ya kukojoa na usaha anaweza kuwa na kisonono, ugonjwa unaohitaji kutibiwa kwake na kwa mwenzi wake kwa wakati mmoja.

Katika hili la mwisho aibu ndiyo inayompeleka mtu dukani. Hununua siprofloksasini, dawa ambayo bakteria wa kisonono katika sehemu nyingi za dunia wamekwisha kuishinda. Usaha hupungua, ugonjwa hubaki, na mwenzi ambaye hakuambiwa chochote huendelea kuumia ndani kwa ndani hadi mirija ya uzazi inapoziba. Methali ya mficha uchi hazai hutimia hapa neno kwa neno.

Usugu: si mwili unaozoea dawa

Wagonjwa wengi husema, "Mwili wangu umeshazoea amoksilini." Kauli hiyo inahitaji kusahihishwa, kwa kuwa imebeba kosa lenye madhara. Mwili wa binadamu hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria.

Katika kundi la mamilioni ya bakteria huwapo wachache ambao, kutokana na mabadiliko katika vinasaba vyao, wanaweza kustahimili dawa. Dawa inapotumiwa bila sababu, au kwa kiwango kisichotosha, bakteria dhaifu hufa na wale wastahimilivu hubaki wakizaliana bila mpinzani. Hata bakteria wasio na madhara wanaoishi tumboni hupata usugu huo, na wanaweza kuwapa bakteria wa magonjwa vinasaba vyake. Kapsuli nne za amoksilini hazifikishi hata siku moja na nusu, wakati dozi ya kawaida ya mtu mzima kwa siku tano ni kapsuli 15 au zaidi. Mnunuzi hajanunua theluthi ya tiba. Amenunua dawa isiyotosha kumponya lakini inayotosha kuwachuja bakteria.

Kwa kuwa mwenye usugu ni kimelea, usugu huambukizwa. Mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja antibiotiki anaweza kuzaliwa na kupata bakteria sugu kutoka katika mazingira yake, na dawa ya kwanza katika maisha yake ikagoma. Hili si jambo la kufikirika. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba watoto waliolazwa wakiwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la gramu hasi walifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliolazwa kwa malaria, na kwamba kutibiwa kwa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwayo kuliongeza hatari ya kifo. Duniani kote, inakadiriwa kuwa mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Onyo la hatari hii ni la zamani. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba mtu asiyejua anaweza kujipa dozi ndogo na kuwafanya bakteria wawe sugu. Tanzania yenyewe imeyaona haya katika malaria. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001 baada ya vimelea kuishinda, na dawa ya SP iliyoishika nafasi hiyo ikabadilishwa kwa dawa ya mseto mwaka 2006. Sasa watafiti wamebaini mkoani Kagera vimelea vyenye badiliko la kijeni linalohusishwa na usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha mseto. Vidonge vya mseto vinavyomezwa siku moja na kuachwa, kati ya vidonge 24 vya mtu mzima kwa siku tatu, vinaisogeza nchi karibu na mabadiliko mengine.

Madhara ya moja kwa moja

Mbali na usugu, dawa humdhuru anayeitumia bila uangalizi. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu husababisha vidonda vya tumbo na kutoka damu, na zinaweza kuharibu figo, hasa kwa wazee, wenye kisukari na wenye shinikizo la juu la damu. Mjamzito hapaswi kuzitumia bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia nusu ya pili ya ujauzito. Parasetamoli, pamoja na usalama wake, huharibu ini ikizidishwa: mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, akikumbuka kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake.

Doksisaiklini na tetrasaiklini hubadili rangi ya meno ya watoto. Dawa zenye salfa, kama kotrimoksazoli, zinaweza kumsababishia mwenye mzio ngozi kubabuka mwili mzima, hali inayoweza kuua. Prednisoloni na deksamethasoni, zinazotumiwa na baadhi ya watu ili kunenepa, hupandisha sukari na shinikizo la damu na hudhoofisha mifupa na kinga. Aliyezitumia kwa muda mrefu hapaswi kuziacha ghafla, kwa kuwa mwili wake huwa umepunguza kutengeneza homoni inayolingana nazo. Ni lazima apunguze kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Duka la dawa kama sehemu ya suluhisho

Si sahihi kulitazama duka la dawa kama adui. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulijengwa juu ya ukweli kwamba wananchi wataendelea kuyakimbilia maduka, hivyo ni bora wauzaji wake wafundishwe na kusimamiwa. Mtoa dawa aliyepata mafunzo huweza kumwuliza mteja umri, uzito, ujauzito, mzio na dawa nyingine anazotumia. Huweza pia kutambua dalili za hatari na kumwelekeza mgonjwa kituoni. Neno "hapana" la mtoa dawa, likiambatana na maelezo, ni huduma ya afya kamili. Gharama yake ni kwamba mteja anaweza kwenda duka la pili. Ndiyo maana maduka yote ya mtaa mmoja hayana budi kufuata kanuni moja.

Ushauri kwa mgonjwa na familia

1. Homa ipimwe ndani ya saa 24, hasa kwa mtoto na mjamzito. Wakati wa kujiandaa kwenda kituoni, parasetamoli yaweza kutolewa kulingana na uzito.
2. Usisubiri kabisa ukiona degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu, shingo kukakamaa au kutokwa damu.
3. Usinunue antibiotiki bila cheti, na usiinunue kwa kipande. Fedha zisipotosha dozi nzima, mweleze mhudumu. Huenda ipo dawa ya bei nafuu inayofaa.
4. Maliza dawa kama ulivyoelekezwa. Usihifadhi mabaki wala kumpa mtu mwingine.
5. Ukifika hospitali, taja kila dawa uliyokwisha kutumia, zikiwamo dawa za asili. Beba pakiti zake. Ukweli huo unaweza kubadilisha tiba yako.

Ushauri kwa mhudumu wa afya

Swali "Umetumia dawa gani kabla ya kuja?" liulizwe kwa kila mgonjwa, kwa sauti isiyohukumu. Mgonjwa aliyekaripiwa kwa kujitibu hataacha kujitibu, ataacha kusema. Pale ambapo sampuli za damu au mkojo zinahitajika kwa ajili ya kuotesha bakteria, zichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki, maadamu kufanya hivyo hakucheleweshi tiba ya mgonjwa mahututi. Malaria itibiwe kwa majibu ya kipimo, na majibu hasi yaheshimiwe.

Aidha, mgonjwa asiyeandikiwa antibiotiki asiondoke mikono mitupu. Aambiwe ugonjwa wake ni nini, utachukua siku ngapi, afanye nini kupata nafuu, na dalili gani zimrudishe kituoni. Maelezo hayo huchukua dakika tatu. Yasipotolewa, mgonjwa hutoka mlangoni na kuelekea moja kwa moja dukani kutafuta kile anachoamini amenyimwa.

Hitimisho

Kujitibu kutaendelea kuwapo maadamu duka liko karibu kuliko zahanati na foleni ni ndefu kuliko subira ya mgonjwa. Kukupunguza kunahitaji vituo vyenye dawa na vipimo, maduka yanayosimamiwa, na wahudumu wanaoeleza. Hata hivyo, sehemu moja ya kazi hiyo iko mikononi mwa mama yule mwenye noti ya elfu moja na mtoa dawa aliye mbele yake. Mtoa dawa akiuliza, "Mtoto amepimwa?" na mama akakubali kwenda kupima kwanza, mtoto yule atatibiwa ugonjwa alio nao kweli, na dawa itakayohitajika na mtoto mwingine kesho itakuwa bado ina nguvu.